Aliyetia Saini na Aliyelaumiwa

Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1976 inaitaja filamu miongoni mwa kazi zinazoweza kuhesabiwa kuwa zimefanywa kwa kuajiriwa, na maana yake ni kwamba mtunzi wa filamu ya studio kubwa, mbele ya sheria, si aliyeandika muswada wala aliyesimama nyuma ya kamera, bali ni kampuni iliyotoa fedha. Kampuni hiyo ndiyo yenye haki ya kuipunguza filamu, kuirefusha, kuiuza au kuifungia kabatini, isipokuwa pale ambapo mkataba umesema vinginevyo. Ajabu ni kwamba mtunzi huyu wa kisheria, ambaye hachelewi kujitambulisha panapogawanywa mapato, haonekani tena filamu inapoharibika; magazeti yakianza kumtafuta mkosaji, kampuni huja na sura ya mteja aliyedhulumiwa, kana kwamba iliagiza kabati kwa seremala ikaletewa mbao zilizopinda. Makala haya yanashikilia kwamba sura hiyo si ya kweli, kwamba katika filamu nyingi kubwa zilizoharibika sehemu nene ya lawama ni ya wale waliokuwa na mamlaka ya kukataa wakakubali, na kwamba desturi ya kumtwisha mtu mmoja mzigo wote imeleta madhara yanayozidi hasara ya fedha, kwa sababu kosa lisilotambuliwa mwenyewe hurudiwa.

Ili hoja hiyo ieleweke, ni lazima kwanza kutenganisha kazi ambazo mtazamaji wa kawaida huzichanganya. Studio ni kampuni inayogharimia filamu, kuimiliki na kuisambaza kwenye kumbi. Mtayarishaji ni yule anayesimama kati ya fedha na sanaa, akiajiri watu, akilinda bajeti na ratiba, na kuuambia kila upande ukweli usiopenda kuusikia. Mwongozaji ndiye anayeamua nini kitokee mbele ya kamera na kwa namna gani. Mhariri hukata na kuunganisha picha zilizopigwa hadi ziwe hadithi. Juu ya wote hao kuna uamuzi mmoja ambao hauonekani kwenye skrini, nao ni idhini ya kuanza kazi, yaani siku wakuu wa studio wanapotamka kwamba muswada huu, kwa bajeti hii, chini ya mwongozaji huyu, utapigwa picha na kutoka tarehe fulani. Wanaotoa idhini hiyo ni wachache mno, wala majina yao hayaandikwi kwenye bango.

Jina la mwongozaji halikuwa kubwa hivyo tangu mwanzo. Katika miaka ya 1930 na 1940 Hollywood iliwauza wachezaji wake, na waongozaji wengi walikuwa waajiriwa wa mshahara waliopewa muswada siku chache kabla ya kamera kuwashwa. Mabadiliko yalitoka Ufaransa, ambako kijana mhakiki aitwaye François Truffaut alichapisha mwaka 1954, katika jarida la Cahiers du cinéma, makala kali iliyotaka filamu ipimwe kama kazi ya mtu mwenye maono yake, na mwaka 1962 Andrew Sarris akaiingiza fikra hiyo Marekani na kuipa jina la nadharia. Faida yake ilikuwa kubwa, kwani watu walianza kuisoma filamu kwa makini ileile waliyoisomea riwaya. Hata hivyo, anayepewa sifa zote za jengo lililosimama hatakwepa kulaumiwa kwa jengo lililoanguka, hata kama saruji ilipunjwa na mtu mwingine. Watazamaji wa Afrika Mashariki, ambao kwa miongo mingi wameitambua filamu kwa stelingi wake na si kwa mwongozaji, walikosea kwa upande mwingine, ingawa kosa lao lilikuwa na madhara machache zaidi, kwa kuwa stelingi hakutazamiwa kujibu maswali ya bajeti.

Mfano ambao kila mjadala wa namna hii huurudia ni Heaven's Gate, filamu iliyoongozwa na Michael Cimino kwa ajili ya studio ya United Artists, na ni haki kuurudia, kwa sababu hakuna filamu nyingine iliyoharibikiwa ambayo mambo yake ya ndani yameelezwa kwa ukamilifu kama huo. Studio yenyewe ilianzishwa mwaka 1919 na Charlie Chaplin, Mary Pickford, Douglas Fairbanks na D. W. Griffith ili wasanii wasiwe watumwa wa wenye fedha. Kuanzia mwaka 1967 ilimilikiwa na Transamerica, kampuni ya San Francisco iliyoshughulika na bima na huduma za fedha. Chini ya Arthur Krim na wenzake studio hiyo ilijulikana kwa kuwaachia waongozaji uhuru mpana, na filamu zake zilitwaa tuzo ya Oscar ya filamu bora miaka mitatu mfululizo, kwa One Flew Over the Cuckoo's Nest, Rocky na Annie Hall. Januari 1978, baada ya mvutano na Transamerica, Krim na wakuu wenzake wanne waliondoka pamoja na kuunda kampuni yao, Orion, na United Artists ikabaki na jina, maktaba ya filamu, na viti vitupu.

Hapo ndipo kosa la kwanza lilipoanzia, nalo halikumhusu Cimino hata kidogo. Waliokalia viti hivyo, yaani Andy Albeck kama rais pamoja na Steven Bach na David Field katika uongozi wa utayarishaji, walirithi desturi ya uhuru bila kurithi ujuzi uliokuwa ukiilinda. Krim aliwaamini wasanii kwa sababu aliwajua kwa miaka mingi, na alijua pia nani aambiwe hapana na lini. Warithi wake walihitaji kuuonyesha mji mzima kwamba studio haijafa, na njia ya haraka ya kuonyesha hivyo ilikuwa kumpata msanii mkubwa na kumpa anachotaka. Muswada wa Cimino, uliojengwa juu ya ugomvi wa Johnson County, Wyoming, wa mwaka 1892, ambapo wafugaji matajiri walikodi watu wenye bunduki kuwaua walowezi, uliwafikia wakati huo. Tarehe 9 Aprili 1979 filamu yake ya awali, The Deer Hunter, ilipata Oscar tano, ikiwemo ya filamu bora na ya mwongozaji bora. Tarehe 16 Aprili, wiki moja tu baadaye, kamera za Heaven's Gate ziliwashwa huko Montana. Mtu aliyetoka kuvishwa taji siku saba zilizopita alikuwa amepewa kambi yake mlimani, mbali na ofisi, kwa bajeti ya dola milioni 11.6.

Bajeti hiyo ilikuwa na tundu, na tundu hilo lilitobolewa na studio yenyewe. United Artists iliitaka filamu kwa ajili ya Krismasi ya 1979, msimu wa mapato na wa tuzo, na kwa shauku hiyo ilikubali katika mkataba kwamba fedha zitakazozidi bajeti kwa lengo la kuiwahi tarehe hiyo hazitahesabiwa kuwa ni uvunjaji wa bajeti. Kwa maneno mengine, mwongozaji anayejulikana kwa kutoridhika haraka aliambiwa kwa maandishi kwamba matumizi yaliyopita kiasi hayangekuwa kosa lake, mradi tu aseme anaharakisha. Anayesoma habari hii leo hupata taabu kuamini kwamba watu wazima, wenye wanasheria, walikitia saini kifungu cha namna hiyo. Lakini walikitia, kwa hofu ya kumpoteza. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Studio ilimchelea Cimino tena ilipomkataa Isabelle Huppert katika nafasi kuu ya mwanamke, wakuu wake wakasafiri hadi Paris kukutana naye, kisha wakakubali; na kila kukubali kulimfundisha mwongozaji kwamba hapana ya studio ni mwanzo tu wa mazungumzo.

Baada ya siku sita za kwanza za kazi, ratiba ilikuwa imechelewa kwa siku tano. Cimino alirudia tukio moja mara nyingi mno, alingojea mawingu yakae anavyotaka, na inasimuliwa kwamba aliamuru mtaa mzima uliokwisha kujengwa ubomolewe pande zote mbili ili uongezwe upana wa futi sita, ingawa kusogeza upande mmoja tu kungetosha. Mkanda uliopigwa ulifikia futi milioni 1.3, ambao ukitazamwa wote huchukua zaidi ya saa mia mbili. Farasi waliumia na wengine wakafa, na malalamiko yaliyofuata yalichangia kuwapo kwa utaratibu wa jumuiya ya ulinzi wa wanyama kusimamia upigaji wa filamu nchini Marekani. Kwa jambo hili la mwisho hakuna mkataba unaoweza kumsafisha mtu aliyekuwa akitoa amri kambini, na makala haya hayajaribu kumsafisha. Ukatili hauwi mdogo kwa sababu mwenye fedha aliunyamazia.

Lakini swali la fedha na la sanaa ni tofauti. Bach mwenyewe, katika kitabu alichokitoa mwaka 1985 kuhusu mkasa huo, anasimulia kwamba studio ilipoamka hatimaye na kumwekea Cimino mipaka mipya, mwongozaji aliongeza kasi. Taarifa hiyo moja ina uzito kuliko kurasa nyingi za dhihaka zilizoandikwa kuhusu kiburi chake, kwa maana inaonyesha kwamba mipaka iliwezekana, kwamba mtu huyo aliyechorwa kama mwendawazimu asiyesikia alisikia mara tu aliposemeshwa kwa sauti ya mwenye mali. Ufa uliachwa miezi kadhaa bila kuzibwa, na gharama ya ukuta ikafika takriban dola milioni 44.

Palikosekana pia mtu wa kati. Mtayarishaji wa Heaven's Gate alikuwa mshirika wa karibu wa Cimino, na ingawa ukaribu huo wenyewe si dosari, uliifanya nafasi iliyobuniwa kwa ajili ya kupinga igeuke nafasi ya kuunga mkono. Umuhimu wa nafasi hiyo unadhihirika ukitazama filamu nyingine ya studio ileile, wakati uleule, chini ya wakuu walewale. Raging Bull ya Martin Scorsese ilitoka Novemba 1980, siku chache tu kabla ya Heaven's Gate, ikiwa na watayarishaji wazoefu, Irwin Winkler na Robert Chartoff, waliokuwa wameiletea studio hiyo Rocky. Bach na Field waliutilia shaka muswada wake, wakalisema hilo ana kwa ana kabla ya kamera kuwashwa, na Scorsese na Robert De Niro wakaenda katika kisiwa kimoja cha Karibi kuuandika upya. Samaki alikunjwa angali mbichi. Filamu iliyotoka humo huhesabiwa leo miongoni mwa bora za karne iliyopita, na wakurugenzi waliouliza maswali yale wanastahili sehemu ya sifa ambayo hakuna anayewapa; kwa hiyo ni haki vilevile kwamba walipokaa kimya kuhusu filamu ya pili wabebe sehemu ya aibu.

Heaven's Gate ilionyeshwa New York Novemba 1980, karibu mwaka mzima baada ya Krismasi ambayo kifungu kile kiliandikwa kwa ajili yake, ikiwa na dakika 219. Mhakiki wa New York Times, Vincent Canby, aliishambulia bila huruma, wengine wakafuata, na baada ya wiki moja iliondolewa kwenye ukumbi. Toleo lililofupishwa hadi dakika 149 lilitoka Aprili 1981 na kuingiza takriban dola milioni 3.5. Mwaka huohuo Transamerica iliiuza United Artists kwa MGM, na Bach akafutwa kazi. Hapa ndipo lawama ilipopata umbo lake la kudumu: ikaelezwa kote kwamba mwongozaji mmoja ameiua studio ya Chaplin. Maelezo hayo yalikuwa rahisi kukumbukwa, yalikuwa na shujaa aliyeporomoka, na yaliwafaa watu wengi, kwani yaliwaondolea wakuu wa studio nyingine wajibu wa kuuliza ni nani aliyetia saini nini.

Kilichofuata ndicho kinachofanya suala hili kuwa zito kuliko ugomvi wa wapenzi wa filamu. Hollywood ilijifunza somo, lakini somo lenyewe halikuwa sahihi. Badala ya kusema kwamba wakuu wasitoe idhini kabla ya kuielewa kazi, au kwamba tarehe isitangulie muswada, ilisema kwamba waongozaji wasiaminiwe. Na kwa kuwa waliokosea hawakulaumiwa, tabia yao ya kuanza na tarehe ilibaki, sasa ikiwa na nguvu zaidi. Mwaka 1991, katika studio za Pinewood nchini Uingereza, 20th Century Fox ilianza kupiga picha za Alien 3 wakati muswada haujakamilika, baada ya waongozaji wawili kuja na kuondoka na mamilioni ya dola kutumika kwa matayarisho ya hadithi iliyoachwa. Aliyekabidhiwa mzigo huo alikuwa David Fincher, kijana wa miaka 28 ambaye hakuwa ameongoza filamu ndefu hata moja, na uchaguzi wenyewe unaeleza mengi, kwa maana mtu mwenye jina angeweza kugoma. Filamu ilitoka Mei 1992, imekatwa na wengine, na mwaka 2003 studio ilipotaka kutoa toleo refu zaidi Fincher alikataa kushiriki. Cimino alipewa kila kitu, Fincher hakupewa chochote, na mkono uliokosea katika visa vyote viwili ulikuwa mmoja: mkono unaopanga siku ya kufungua kumbi kabla haujajua kutakuwa na nini cha kuonyesha.

Justice League ya Warner Bros. ilirudia jambo hilo kwa huzuni zaidi. Zack Snyder alijiondoa Mei 2017 baada ya kufiwa na binti yake, Joss Whedon akachukua nafasi, sehemu nyingi zikapigwa upya kwa mtindo usiofanana na wa awali, na kwa mujibu wa taarifa nyingi zilizochapishwa studio ilitaka filamu isizidi saa mbili. Tarehe ya Novemba haikusogezwa hata kwa msiba. Nahodha wakiwa wengi chombo huenda mrama, lakini swali linalopaswa kuulizwa ni nani aliyewapandisha manahodha wawili katika chombo kimoja. Mwaka 2021 toleo la Snyder, la takriban saa nne, lilitolewa na kampuni ileile, na watazamaji waliendelea kubishana kuhusu Snyder na Whedon kana kwamba mmoja wao ndiye aliyekuwa na kalenda mkononi.

Kuna pahali pamoja ambapo Hollywood ilijaribu kuamua suala la lawama kwa utaratibu. Chama cha waongozaji cha Marekani kilikuwa na jina bandia, Alan Smithee, lililotumika kwanza katika Death of a Gunfighter ya mwaka 1969, filamu iliyoanzwa na mwongozaji mmoja na kumalizwa na mwingine, ambayo hakuna hata mmoja wao aliyetaka kuandikwa kuwa ni yake. Kuanzia hapo mwongozaji aliyeweza kuthibitisha mbele ya chama kwamba filamu imetolewa mikononi mwake aliruhusiwa kuliondoa jina lake na kuliweka hilo. Hivyo ndivyo alivyofanya David Lynch kwa toleo la Dune lililorefushwa bila yeye kwa ajili ya televisheni. Ilikuwa aina ya mahakama, na ilikiri jambo ambalo mazungumzo ya kawaida hulikana, yaani kwamba anayeongoza si kila mara anayeamua. Hata hivyo mahakama hiyo ilikuwa na sharti baya mno: aliyeshinda kesi yake alitakiwa asieleze hadharani sababu. Mwongozaji aliokolewa na aibu, na studio ikaokolewa na maelezo, na mtazamaji akabaki na jina la mtu asiyekuwapo duniani. Jina hilo liliachwa mwaka 2000, baada ya kujulikana mno kiasi cha kutungiwa filamu, lakini ukimya lilioulinda haukuachwa.

Wako wengine wanaotajwa wakati wa kugawa lawama, na wengi wao hawahitaji kuzungumzwa kwa urefu. Mwandishi wa muswada mara nyingi ameondolewa kazini na nafasi yake kujazwa na watu watano kabla picha ya kwanza haijapigwa. Mchezaji hutenda kile alichoombwa. Mhariri hawezi kuunganisha picha ambazo hazikupigwa. Mtazamaji, ambaye baadhi ya wakuu wa studio hupenda kumlaumu kwa kutonunua tiketi, hakutia saini mkataba wowote. Wahakiki ndio pekee wanaostahili neno zaidi, kwa sababu mwaka 1980 baadhi yao walihukumu bajeti badala ya filamu, wakiandika kwa hasira ambayo haiwezi kuelezwa na kile kilichokuwa kwenye skrini peke yake. Mtu anayeitazama Heaven's Gate leo ataona kazi ndefu yenye kulegea hapa na pale, yenye sauti zisizosikika vizuri katika maeneo ya umati, lakini pia ataona picha za Vilmos Zsigmond, vumbi na mwanga wa alasiri katika ukumbi wa dansi, na umati wa wahamiaji maskini waliopewa heshima ambayo filamu chache za magharibi ya Marekani ziliwahi kuwapa. Wala hilo halifuti dola milioni 44. Linaonyesha tu kwamba hasara ya mwenye fedha na ubovu wa kazi ni hukumu mbili, na kwamba zilitamkwa kwa pumzi moja na watu ambao wengi wao walikuwa wamekwisha kusoma habari za gharama kabla hawajakaa kitini.

Cimino hakutoa filamu nyingine hadi mwaka 1985, na filamu yake ndefu ya mwisho ilitoka mwaka 1996. Mwaka 2012 Heaven's Gate iliyorekebishwa picha na sauti ilionyeshwa katika tamasha la Venice ikiwa na dakika 216, pungufu kwa dakika tatu tu kuliko toleo lililoondolewa New York baada ya wiki moja. Mwongozaji wake, akiwa na miaka 73, alikuwapo kupokea tuzo. Kati ya wale waliokipitisha kifungu cha Krismasi, ni Bach pekee aliyekuwa ameandika kitabu kueleza walivyofanya, naye alikuwa amefariki miaka mitatu kabla.